Uyoga mamama una protini kuliko nyama ya ng'ombe: kweli au maneno ya soko?

#1 Mkulima_Mlandizi
Wakuu habari za mchana. Nalima uyoga mamama (oyster) huku Mlandizi, banda la kawaida tu, nauza mbichi na mkavu. Kila semina ya wajasiriamali ninayoenda mkufunzi anasimama mbele anasema uyoga una protini kuliko nyama, na pakiti nyingi za uyoga mkavu sokoni zimeandikwa "protini 30%" na wengine wameenda mpaka 35. Sasa kuna mteja wangu ni muuguzi, kaniuliza mbona kitabu chake kinasema uyoga una gramu 3 tu za protini kwenye gramu 100, nimjibu nini? Nimeshindwa kumjibu. Nataka kuchapa lebo mpya na sitaki kumdanganya mama anayenunua akiamini kampata mbadala wa nyama kwa mtoto wake. Wenye elimu ya lishe karibuni, na wakulima mliowahi kupima maabara semeni mlipata ngapi.

#2 Tumaini_K
Nakaa siti ya mbele kabisa. Hili hata mimi linanisumbua.

#3 Lishe_Moro
Mkuu, muuguzi wako yuko sahihi na pakiti nayo inaweza kuwa sahihi, tatizo ni maji. Uyoga mbichi karibu asilimia 90 ni maji matupu. Gramu 100 za mamama mbichi zina protini kama gramu 3.3, wanga gramu 6 hivi (ndani yake nyuzinyuzi gramu 2 na ushee), mafuta hayafiki hata nusu gramu, nishati kalori 33. Uyoga kifungo, ile nyeupe ya duara ya supamaketi, una protini gramu 3.1 na kalori 22. Ukianika kilo moja mbichi unabaki na gramu 100 hivi, na zile gramu 33 za protini zilizokuwa kwenye kilo nzima sasa ziko kwenye huo mfuko mdogo, ndo hiyo asilimia 30 yao. Ila nani anakula gramu 100 za uyoga mkavu kwa mlo mmoja? Hiyo ni kilo nzima ya uyoga aisee.

#4 Bosibori_Kisii
Hamjambo. Mimi ni Msabato wa huku Kisii, nyama niliacha kitambo na familia yangu inakula uyoga karibu kila wiki, kwa hivyo hii habari inanihusu moja kwa moja. Sisi tumefunzwa kanisani uyoga unatosha badala ya nyama hata kwa vitamini B12. Lishe_Moro hebu sema hapo.

#5 Babu_Dagaa
Hapo #3 umesema vizuri ila umeacha kitu kikubwa. Kama tunalinganisha uyoga MKAVU basi tuweke na nyama KAVU mezani. Nyama mbichi isiyo na mafuta ni gramu 20 na kitu za protini kwa gramu 100, ukiikausha na yenyewe inapanda inavuka nusu ya uzito wake. Dagaa wakavu wa Mwanza hivyo hivyo, zaidi ya nusu ya uzito ni protini. Huwezi kuchukua uyoga uliokauka ukaupambanisha na nyama iliyojaa maji halafu ukamtangaza mshindi. Hata maharage makavu ni gramu 22 hivi, na kilo yake mwananchi anaimudu.

#6 Tumaini_K
Babu_Dagaa kila uzi lazima amalizie kwa dagaa 😂 juzi kwenye uzi wa parachichi ilikuwa hivi hivi

#7 Babu_Dagaa
Na nitaendelea. Dagaa ndo walionisomeshea watoto.

#8 Lishe_Moro
@Bosibori_Kisii dada asante kwa swali. B12 usiitegemee kwenye uyoga. Uyoga wenyewe hautengenezi B12, ile chembe inayoonekana ikipimwa kwenye uyoga kifungo inaaminika inatoka kwa bakteria wa mboji uliooteshwa, iko zaidi kwenye ngozi ya nje, na ni kidogo sana. Kama nyumbani mnakula mayai na maziwa hapo mmesalimika, kama hamli kabisa tafuteni vidonge au chakula kilichoongezwa B12, hasa kwa mjamzito na anayenyonyesha. Vitamini B nyingine hapo ndo uyoga unang'ara kweli: naiasini miligramu 5 hivi kwenye gramu 100 za mamama, raiboflavini nayo nzuri, pantotheni nayo. Ukishaacha nyama hizo ni za kuzifurahia.

#9 Mkemia_wa_Mtaa
Wakuu mnazungumzia maji tu, kuna jambo lingine nyuma ya pazia. Maabara nyingi hazipimi protini yenyewe, zinapima naitrojeni kwa njia ya Kjeldahl halafu wanazidisha kwa 6.25, kwa sababu protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16. Kwa nyama hesabu hiyo inakwenda. Kwa uyoga inakosea kwa sababu ukuta wa chembe zake umejengwa kwa kaitini, ile ile iliyopo kwenye ganda la kamba na panzi, na kaitini ina naitrojeni ila sio protini unayoweza kuitumia. Kuna na urea na vingine vidogo vidogo. Ndo maana wataalamu wengi wa uyoga wanazidisha kwa 4.38, yaani asilimia 70 ya ile 6.25. Maana yake pakiti iliyoandikwa 30% kwa hesabu ya 6.25 inashuka inakuwa 21% kwa hesabu ya 4.38. Uyoga ni ule ule, maabara ile ile, mashine ile ile. Kwa hiyo @Mkulima_Mlandizi ukitaka kujua nani mkweli anza kuuliza walizidisha kwa ngapi.

#10 Mkulima_Mlandizi
Duh. Kumbe ndo maana wenzangu wawili walipeleka uyoga wa mbegu moja sehemu mbili tofauti wakaja na majibu yamepishana mpaka wakagombana na muuza mbegu. Asante sana mkuu.

#11 Mama_Maranda
Samahani naingilia, mi naona hizo hesabu ni sawa ila mnasahau uyoga umekula nini. Mi naotesha kwa maranda ya mbao, jirani yangu anatumia mabua ya mpunga kachanganya na mashudu ya pamba, uyoga wake mnene, mzito, unanukia. Malighafi ikiwa na naitrojeni nyingi uyoga nao unatoka na protini nyingi, hilo wakulima wote tunalijua na hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishafanya tafiti za kuotesha uyoga kwenye mabaki ya mkonge. Kwa hiyo hata kama wote mkizidisha kwa 4.38 bado mtapata namba tofauti. Haiwezekani lebo moja ikatumika nchi nzima.

#12 Kofia_na_Shina
Mama_Maranda kweli lakini sio yote. Umri wa kuvuna je? Ukivuna kofia bado zimejikunja pembeni ni tofauti na ukisubiri zitandazike kama sahani zianze kutoa vumbi jeupe. Halafu wengi wanasaga pamoja na mashina, na shina lina nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo kuliko kofia. Na mkupuo (awamu ya kuvuna) wa kwanza sio sawa na wa tatu, malighafi inakuwa imeshanyonywa. Mimi naweka lawama kwenye mashina kabla ya malighafi.

#13 Mama_Maranda
Mashina nayatupa mimi, na bado namba zilitofautiana. Ni malighafi hiyo.

#14 Mkemia_wa_Mtaa
Yote mawili yapo, ila tofauti ya 6.25 na 4.38 ni karibu theluthi inayoondoka hapo hapo kwenye karatasi, kabla hata hujaenda bandani.

#15 Binti_Songea
Mabishano matamu haya. Mi nina swali la mtoto. Wa miaka mitatu, kliniki wamesema damu iko chini, bibi yake ananiambia nimpe supu ya uyoga kila siku inaongeza damu. Ni kweli?

#16 Lishe_Moro
@Binti_Songea pole na mtoto. Mamama mbichi una madini ya chuma kama miligramu 1.3 kwenye gramu 100, kifungo nusu miligramu tu, na ni chuma cha aina ya mimea, mwili unakifyonza kidogo kuliko cha nyama na maini. Supu mpe, ni chakula kizuri, kamulia ndimu au mpe chungwa maana vitamini C inasaidia ufyonzaji, usimpe chai pamoja na mlo. Lakini usiache dawa ya kliniki ukategemea supu. Mwambie bibi supu iendelee NA dawa iendelee. Na wapime minyoo na malaria, mara nyingi damu inaishia huko.

#17 Binti_Songea
Asante sana, nitamwambia bibi hivyo hivyo.

#18 Baridi_Kali
Salamu kutoka Uswidi wadau. Huku miezi ya baridi jua halina nguvu kabisa na daktari alinikuta na vitamini D ya chini, sisi wenye ngozi nyeusi huku ni ugonjwa wetu. Dukani kuna uyoga umeandikwa umeongezwa vitamini D kwa taa. Ni kweli au ndo mambo ya lebo tena?

#19 Mkemia_wa_Mtaa
Hilo ni kweli kabisa na ni moja ya mambo mazuri ya uyoga. Uyoga una kitu kinaitwa egosteroli, mionzi ya jua ya aina ya UVB ikiigonga inageuka vitamini D2. Uyoga uliooteshwa gizani hauna kitu, kifungo mbichi ni sehemu ya mikrogramu tu. Ukiukata vipande ukauweka juani mchana, nyavu zile za chini ya kofia zikitazama juu, ndani ya robo saa mpaka masaa mawili unaweza kuvuka mikrogramu 10 kwa gramu 100, na Marekani wanamshauri mtu mzima apate 15 kwa siku. Taa za kiwandani zinafanya kazi hiyo hiyo ndani ya muda mfupi sana. D2 wengi wanaona haikai mwilini kama D3 ya samaki ila inasaidia. Vidonge vya daktari endelea navyo.

#20 Mkulima_Mlandizi
Subiri hapo hapo mkuu. Mi nakaushia kwenye kikaushio cha jua nilichofunika nailoni ya banda-kitalu (greenhouse). Ina maana wangu una vitamini D au hauna?

#21 Mkemia_wa_Mtaa
Inategemea nailoni. Kioo kinazuia UVB karibu yote. Nailoni nyeupe ya kawaida inapitisha, ila zile za banda-kitalu nyingi zimewekewa dawa ya kuzuia zisichakae na jua, na dawa hiyo inakula UVB. Fanya hivi, uanike kwanza wazi juu ya chekeche safi mchana wa jua kali, saa moja inatosha, funika na chandarua cha nzi, halafu ndo uingize kwenye kikaushio umalizie. Uhifadhi mahali pa giza pakavu, maana vitamini D hiyo inapungua kadri unavyokaa.

#22 Kofia_na_Shina
Nyongeza ya #21, chandarua kiwe cha matundu makubwa kidogo. Kile cha mbu kizito kinakata mwanga.

#23 Zuhura_Tanga
Mi naomba watu wa figo wasisahaulike humu. Baba yangu ana figo, tulikuwa tunampa uyoga mwingi tukijua ni chakula chepesi kisicho na chumvi, mtaalamu wa lishe hospitali akatusimamisha kwa sababu ya potasiamu. Mamama ni miligramu 420 kwa gramu 100, mtu akila robo kilo ameshavuka elfu moja. Chumvi kweli ndogo, kwa mtu wa presha mwenye figo nzima hiyo ni heri kabisa. Kwa baba sasa tunachemsha, tunamwaga maji, ndo tunaunga, na anakula kidogo.

#24 Lishe_Moro
Zuhura umefanya vizuri kulileta hili. Kuchemsha na kumwaga kunaondoa potasiamu, ila kunaondoka na vitamini B pia. Kwa hiyo wengine wote msimwage hayo maji, pikieni.

#25 Jongo_Sugu
Na sisi wenye gauti (jongo) je? Nimeambiwa uyoga ni sumu kwangu, kisa asidi ya uriki.

#26 Mkemia_wa_Mtaa
Uyoga una purini (ndo zinazogeuka asidi ya uriki mwilini) za kiasi, chini ya maini na dagaa (samahani Babu). Kuna utafiti wa Marekani ulichapishwa 2004, ulifuata wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, nyama na vyakula vya baharini viliongeza gauti, mboga zenye purini hazikuongeza. Ongea na daktari wako ila neno sumu ni kubwa mno hapo.

#27 Babu_Dagaa
Nimesamehe. Ila mwenye gauti apunguze dagaa, hilo nakubali, mengine siongezi.

#28 Kamau_Limuru
Wasee, huku kwetu Limuru uyoga kifungo ndio unaolimwa sana, na mimi nikiula tumbo linajaa gesi usiku mzima, lakini huo wenu mamama nikiula hakuna shida. Nikajua ni dawa za kunyunyizia. Kuna mtu amepitia hii?

#29 Bosibori_Kisii
Mimi pia! Lakini kwangu ni ukiwa haujaiva vizuri. Nikikaanga haraka haraka tumbo linanguruma, nikipika polepole hakuna.

#30 Lishe_Moro
Kamau, kifungo kina manitoli nyingi, ni sukari-pombe ambayo utumbo mdogo wa watu wengi hauifyonzi vizuri, bakteria wa chini wanaishangilia ndo gesi. Mamama ina kidogo sana. Sio lazima iwe dawa za shamba.

#31 Mkemia_wa_Mtaa
Au kaitini. Kaitini haimeng'enywi vizuri, ndo maana hata hiyo protini tuliyobishania huko juu sehemu yake inapita bila kutumika. Bosibori akipika polepole kuta za chembe zinalainika, inaeleweka.

#32 Lishe_Moro
Kaitini ipo kwenye mamama pia mkuu, mbona yeye mamama haimsumbui?

#33 Kamau_Limuru
Sasa nani nimwamini 😅 kuna mwingine hapa nyumbani anakula kifungo kibichi na kachumbari na yuko sawa kabisa.

#34 Mkemia_wa_Mtaa
Huyo mwambie apike. Kifungo kibichi kina agaritini, kemikali inayotiliwa shaka kiafya, joto linaipunguza sana. Na kwa jumla uyoga wowote wa kulimwa nashauri upikwe.

#35 Shangazi_Upishi
Tumefika kwenye mapishi hatimaye! Msiloweke uyoga majini jamani, suuza haraka tu. Kaanga kwanza kwenye sufuria kavu mpaka utoe maji yake na yakauke, ndo uweke mafuta kidogo, maana ukianza na mafuta unayanywa yote na ile sifa ya kalori 33 inakufa hapo hapo. Kitunguu, nyanya, halafu tui la nazi au karanga za kusaga. Kwa ugali hakuna mfano.

#36 Lishe_Moro
Na kwa ugali una maana kisayansi pia. Mahindi yana upungufu wa laisini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, uyoga una laisini nzuri na asidi amino zote muhimu zimo. Protini yake ni kidogo ila inajaza pengo la mahindi. Ukichanganya na karanga ama maharage ndo kabisa.

#37 Mtu_wa_Kigali
Huku Kigali mishikaki ya uyoga ni kawaida, mkija tutawaandalia. Karibuni sana.

#38 Mkulima_Mlandizi
Asanteni wote kwa kweli, sikutegemea. Sasa nirudi kwenye lebo. Nikiandika "kwa gramu 100 mkavu protini 21 mpaka 30" mteja ataelewa? Au niandike kwa kiasi anachokula, mfano gramu 20 mkavu, hapo inakuwa protini gramu 4 mpaka 6 tu? Naona namba inakuwa ndogo, wenzangu sokoni wameandika 35 kwa herufi kubwa.

#39 Babu_Dagaa
Andika ndogo ya kweli. Yule muuguzi atakuletea wenzake.

#40 Kofia_na_Shina
Mi napinga. Ukiandika gramu 4 na jirani kaandika 35 mteja wa kawaida hasomi "kwa kiasi gani", anachukua ya 35, na wewe mwenye ukweli unabaki na mzigo. Andika kwa gramu 100 ili chakula kilinganishwe, na chini yake weka maelezo.

#41 Zuhura_Tanga
Na andika potasiamu tafadhali. Hakuna pakiti hata moja niliyoiona imeandika potasiamu.

#42 Mama_Maranda
Na aandike ameotesha kwa nini. Uyoga unanyonya na vibaya pia, madini mazito kama kadimiamu, malighafi ikitoka kwenye jalala au kando ya barabara kubwa vinaishia kwenye sahani. Mi nataka mteja ajue yangu ni maranda safi.

#43 Tumaini_K
Swali la kando kidogo, wenye mabanda mnakohoa? Mjomba wangu akitoka bandani asubuhi kifua kinambana.

#44 Mama_Maranda
Ni lile vumbi jeupe, mbegu za uyoga zinazoruka kofia zikipitiliza. Avae barakoa inayobana vizuri, avune mapema, na banda lipate hewa. Akibanwa zaidi aende hospitali aseme analima uyoga, wengine wanatibiwa mafua tu miaka.

#45 Kofia_na_Shina
Hapo kwenye kuvuna mapema nakuunga mkono kwa mara ya kwanza leo.

#46 Mkemia_wa_Mtaa
@Mkulima_Mlandizi kabla ya lebo peleka sampuli. SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) Morogoro wana idara ya sayansi ya chakula, na mambo ya viwango waulize TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Omba wakuandikie unyevu, naitrojeni ghafi, na namba waliyozidishia, sio protini peke yake. Na utenganishe kofia na mashina, mfuko mmoja mmoja, huenda na Kofia_na_Shina akanyamaza.

#47 Kofia_na_Shina
Sinyamazi, apeleke na mkupuo wa kwanza na wa tatu.

#48 Mama_Maranda
Na wa maranda na wa mabua. Mfuko wa maranda natoa mimi, nitumie mahali pa kuuleta.

#49 Mkulima_Mlandizi
Naangalia gharama ya kupima mifuko yote hiyo kwanza. Mama_Maranda nimekuandikia pembeni.